Kabla ya Kutumiana Pesa kwa Simu, Kulikuwa na Palm OS

Kama ulikuwa na simu miaka ya 2000, bila shaka unakumbuka infraredi. Mnaweka simu mbili kichwa kwa kichwa juu ya meza, na ukisogeza moja kidogo tu, ringitoni inakwama katikati. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nilimwona dadangu mkubwa na marafiki zake wakifanya hivyo jioni nzima. Sasa fikiria kutuma pesa kwa njia hiyo.

Ilishafanyika. Julai 1999, kwenye mkahawa wa Buck's mjini Woodside, California, wawekezaji wakiwemo Nokia Ventures na Deutsche Bank waliirushia kampuni changa ya Confinity dola milioni 3, kutoka Palm Pilot moja hadi nyingine. Confinity ndiyo iliyokuja kuwa PayPal.

Palm Pilot ilikuwa kompyuta ndogo ya mkononi iliyoanza kuuzwa 1996. Ilitumia mfumo wa Palm OS, betri mbili kama zile za rimoti, na kalamu ya plastiki ya kuandikia kwenye kioo. Haikuwa simu, kwa hivyo haikuwa na laini. Hapo ndipo shida ilianzia. Ukimrushia mwenzako dola 20, kilichovuka hewani kilikuwa ahadi ya kulipa tu. Pesa zenyewe zilihama baadaye, ukishaunganisha kifaa chako na kompyuta. Tena lazima nyote muwe na Palm na mkae karibu. (Si basi ungempa noti tu?)

Confinity walikuwa pia na njia ya kutuma pesa kwa barua pepe kupitia tovuti yao, na watu wakaichangamkia hiyo. Max Levchin, mmoja wa waanzilishi, alisimulia baadaye kwamba watumiaji wa Palm walifika 12,000 hivi, huku wale wa tovuti wakipita milioni moja. Huduma ya Palm ikafungwa. Mfumo wenyewe nao ukaachwa: 2009 kampuni ya Palm ilihamia webOS, na 2010 ikanunuliwa na HP.

Tunaulizwa kila wiki: "Simu yangu ikiharibika, pesa zangu zitapotea?" Hapana. M-PESA ilipoanza Kenya Machi 2007, menyu ilikuwa ndani ya laini, hivyo hata mulika mwizi ilitosha. Na salio halikai kwenye simu wala kwenye laini. Linakaa kwenye akaunti yako, na simu ni mlango tu wa kuifikia.

Kwa hivyo simu ikizeeka na programu ikatae kufunguka, usihangaike. Hamisha laini kwa simu nyingine. Ikiibwa, piga simu kwa huduma kwa wateja mara moja ukitumia simu ya jirani, laini ifungwe, kisha uibadilishe ukiwa na kitambulisho. Na kabla ya kuuza simu ya zamani, futa programu, toa laini, halafu angalia kama uliwahi kuandika PIN yako kwenye orodha ya majina. Wengi wameificha hapo, chini ya jina "Shosho".