Kombe Lililopatikana Tunis

Aghalabu wazee wa Kisumu na wa mwambao wote wa Nyanza, wanapoutaja mwaka 1987, huanza na Kasarani, na haki wanayo, kwa maana ni katika uwanja huo wa Nairobi, tarehe 5 Disemba, ndipo Gor Mahia, timu ambayo wapenzi wake huiita K'Ogalo, ilipotwaa Kombe la Washindi la Afrika, fahari ambayo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyoipata kabla yake wala baada yake. Hata hivyo, kwa rai yangu, kombe lile lilipatikana Tunis.

Sharti kwanza tuijue timu yenyewe. Tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901, vijana wengi wa Kijaluo walisafiri kwenda kutafuta kazi Nairobi, Mombasa na kwingineko, na huko ugenini wakaunda vyama vya kusaidiana katika maradhi na misiba, na kandanda ikawa miongoni mwa shughuli zao. Katika mkondo huo ndimo Gor Mahia ilimozaliwa, Februari 1968, timu za Luo Union na Luo Stars zilipoungana na kujipa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa. Na ligi ya Kenya ikaitwaa mwaka ule ule. Ndiyo maana timu hii, ijapokuwa maskani yake ni Nairobi, huhesabiwa kando ya ziwa kuwa mtoto wa nyumbani.

Mwaka 1979 ilifika fainali ya kombe hili hili, ikashindwa na Canon ya Yaoundé kwa jumla ya mabao 8 bila jibu. Jeraha hilo lilikuwa bado halijapoa timu ilipokwenda Tunisia miaka minane baadaye, chini ya kocha Jack Johnson na nahodha Austin Oduor, kukabiliana na Espérance ya Tunis katika fainali. Na kombe lenyewe siku zile likiitwa kwa jina la Mandela, ilhali Mandela mwenyewe yumo gerezani.

Fainali ilichezwa mara mbili, kila timu ikiwa mwenyeji mara moja, na kanuni ilisema kwamba mabao yakilingana kwa jumla, aliyefunga mengi zaidi ugenini ndiye mshindi. Basi K'Ogalo walipotoka sare ya 2-2 Tunis, mbele ya mashabiki wasiokuwa wao, walirudi na amana kubwa mno: sare isiyo na bao, au ya bao moja kwa moja, ingewatosha. Ushujaa wa kushambulia katika uwanja wa watu, badala ya kujificha golini wakiomba dakika ziishe, ndio ninaouenzi kuliko yote.

Huko Kasarani, Peter Dawo, aliyefunga mabao 10 katika mashindano yale, akatia bao, wageni nao wakapata lao, na mchezo ukamalizika 1-1. Jumla ikawa 3 kwa 3. Lakini ugenini Gor walikuwa na mawili, Espérance moja.