Darajani, Daraja Liko Wapi?

Juma lililopita nilifuatana na wageni waliokuwa wakitembezwa Darajani, mjini Unguja. Mtembezaji alieleza vyema: soko lilijengwa mwaka 1904; hatua chache tu, Mkunazini, ndipo palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Tukapita penye mnada wa samaki, tukapita penye karafuu na mdalasini. Mgeni mmoja akauliza, daraja liko wapi? Mtembezaji akacheka: "Jina tu hilo."

Si jina tu. Hapo palikuwa na hori, maji ya bahari yakijaa na kupwa, likiutenga Mji Mkongwe na upande wa pili. Daraja lilivuka hapo, ndipo sisi wa Jang'ombe na Miembeni tukaitwa watu wa Ng'ambo. Hori likafukiwa kidogo kidogo, likawa barabara. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia; Jang'ombe haimo. Lakini wanunuzi wa asubuhi ile, na wauzaji wengi, walitoka kwetu!

Kufika barabarani, wageni wakageuzwa. Mimi nikavuka na mtungo wangu wa changu.