Sauti Inapovuka Mpaka wa Java

Katika programu nyingi za kupigiana simu kwa Android, sauti haikai sana mikononi mwa Java. Hunaswa kwa vipande vya milisekunde 10, yaani 100 kwa sekunde, kisha hukabidhiwa WebRTC, maktaba iliyoandikwa kwa C++. Humo ndimo mwangwi unamopunguzwa na sauti inamobanwa kabla ya kusafiri. Google iliutoa msimbo wa WebRTC kwa umma mwaka 2011, mwaka mmoja baada ya kuinunua kampuni ya Global IP Solutions, ilikoanzia sehemu ya teknolojia hiyo.

Waundaji wengi wa programu hawaigusi C++ kabisa. Hutumia madarasa ya Java yaliyomo katika kifurushi cha org.webrtc, kama PeerConnection na VideoTrack. Ukiyafungua, kazi yenyewe huikuti. Unakuta namba inayoonyesha mahali kitu halisi kilipo katika kumbukumbu ya C++. Pande hizo mbili huunganishwa na JNI, utaratibu uliokuja na Java 1.1 mwaka 1997.

Namba hiyo ndiyo yenye matata.

Java ina mzoa taka wake, anayefuta vitu visivyotumika tena bila kuagizwa. Ng'ambo ya pili, kwa C++, haoni kitu. Picha moja ya video ya pikseli 1280 kwa 720, kabla ya kubanwa, hula karibu megabaiti 1.4, lakini yeye huona kitu kidogo tu kisicho na haraka ya kuzolewa. Kwa hiyo mwandishi wa programu hulazimika kuita release() au dispose() mwenyewe. Akisahau, kumbukumbu hujaa. Akiwahi mno, ni balaa zaidi: kosa la Java linaweza kudakwa programu ikaendelea, ila kosa la kumbukumbu katika C++ huiua programu nzima, watu wakiwa katikati ya mazungumzo. Ndiyo sababu baadhi ya madarasa ya org.webrtc hukagua kwanza, na kukataa kazi kwa IllegalStateException kitu kikiwa kimeshaachiliwa. Ukali huo una faida.

Kwa sauti, ujanja ni mwingine: sehemu moja ya kumbukumbu huonwa na pande zote mbili, na anwani yake hutajwa mara moja tu mwanzoni.

Java 22, ya Machi 2024, ilirasimisha njia ya kuufikia msimbo wa nje ya Java bila JNI. Lakini njia hiyo imelengwa kwa C. Maktaba ya C++ bado huhitaji kuzungushiwa kwanza vitendaji vya C.