Nyufa za inchi na hesabu ya hasara

Kwa nini wenye elimu, wakikadiri hasara ya tetemeko la inchi, hawatoi hesabu moja tu?

Hasara inatoka katika mambo matatu: nguvu ya mutikisiko, nyumba, na watu waliomo. Nyumba na watu tunaweza kuwahesabu. Lakini ufa wa chini, pale mawe yanapoteleza, mara nyingi umefichwa: hatujui urefu wake wala mahali pake.

Tutoe mufano wa New Zealand. Tarehe 4 Septemba 2010 ufa usiojulikana mbele, uliofunikwa na changarawe, ulipasuka magharibi ya Christchurch, kipimo 7.1. Tarehe 22 Februari 2011 likaja tetemeko dogo kuliko lile, lakini karibu kabisa na muji: watu 185 wakafa. Ukaribu ulishinda ukubwa.

Kwa hiyo wanatoa hesabu mbili, ya chini na ya juu. Huo si uongo, ni ukweli wa mutu anayejua mpaka wa elimu yake.

Kwetu Bukavu inchi ilitetemeka Dominika, 3 Februari 2008. Basi anayejenga kanisa asingoje nyufa zote zijulikane. Afunge kuta zake kwa nguzo na mikanda ya betoni.