Kundi Lilelile, Nafasi Nyingine

Katika toleo hili tunaeleza jambo linalowakwamisha wanafunzi wetu wanaotafsiri vitabu vya kemia: pete ya benzeni. Pete hiyo ina atomu 6 za kaboni, na kila moja imeshika hidrojeni 1. Hidrojeni ikiondoka, kundi jingine huchukua nafasi yake. Likiingia kundi la metili tunapata tolueni. Likiingia haidroksili tunapata fenoli.

Makundi yakiwa mawili, nafasi ndiyo huamua. Kwa mwalimu wa Kiswahili hili si geni: "ni" katika "ninampiga" ni mtenda, katika "ananipiga" ni mtendwa. Tuchukue pete yenye kaboksili. Haidroksili ikikaa jirani nayo (otho), tunapata asidi ya salisiliki, ambayo aspirini hutengenezwa kwayo. Ikikaa mkabala nayo (para), tunapata asidi nyingine, ambayo esta zake huwekwa katika vipodozi ili visiharibike. Kati ya nafasi hizo ipo meta. Mfasiri akiandika "kando ya" tu, amebadilisha dawa. Tunapendekeza otho, meta na para zibaki, pamoja na namba zake 2, 3 na 4. Para, kwa kweli, imo hata katika jina la parasetamoli.

Ama neno "aromatiki", hatukubali lifasiriwe "-enye kunukia". Asili yake ni harufu, lakini siku hizi lahusu elektroni zilizosambaa pete nzima. Benzeni yenyewe husababisha saratani ya damu, na mwanafunzi aliyeambiwa inanukia ataisogeza puani.