Kuotesha Mparachichi kwa Kokwa

Muhula uliopita idara yetu ilipata hasara ndogo. Wanafunzi wa somo la ufahamu walisoma kifungu kuhusu vitalu vya miche, nasi tukaona ni vyema wakitende walichosoma. Wakakusanya kokwa za parachichi kwenye vibanda vya chakula hapa Sonatubes, wakazianika dirishani wiki tatu, kama wanavyoona nyumbani maharagwe ya mbegu yakianikwa. Tulipanda kokwa ishirini. Haikuota hata moja.

Kosa lilikuwa letu walimu. Kifungu kilisema "kausha mbegu", nasi hatukuuliza mbegu ipi. Kila kokwa ni mbegu, lakini si kila mbegu ni kokwa. Haragwe hukaushwa ili lidumu. Kokwa ya parachichi ina maji mengi, na ikikauka hufa.

Kwa hiyo kokwa itolewe katika tunda lililokomaa, ioshwe nyama yote, ipandwe mbichi. Ikibidi kungoja, ihifadhiwe ndani ya vumbi la mbao lenye unyevu. Wenye vitalu huiloweka kwanza katika maji ya nyuzi joto 49 hadi 50 kwa dakika 30 ili kuua vimelea vya kuoza mizizi. Maji yakizidi hapo, kokwa hupikwa. Upande bapa hukaa chini na ncha juu, katika udongo usiotuamisha maji. (Wapo waliozipanda kichwa chini. Hatuwataji.) Chipukizi huonekana baada ya mwezi mmoja au zaidi. Mche ukipata nguvu huatikwa shambani, na kwetu wakati mzuri ni mvua zinapoanza, Septemba au Machi.

Swali la darasani lilikuwa: je, matunda yatafanana na ya mama? Aghalabu hayafanani, tena huchukua miaka mitano, kumi au zaidi. Ndiyo maana wakulima hubebesha, yaani huunga kikonyo cha mti wanaoujua juu ya mche wa kokwa. Hata hivyo parachichi ya Hass ilitokana na kokwa iliyopandwa California miaka ya 1920. Rudolph Hass, tarishi wa posta, alibebesha mche huo aina nyingine, vikonyo havikushika, akauacha ukue. Aliupatia hataza mwaka 1935.

Safari ya pili tulipanda kokwa mbichi kumi na mbili katika ndoo kuukuu zilizotobolewa. Tisa zimeota. Wanafunzi wa mwaka wa pili wanaziandikia shajara, na bado wanabishana kama waseme "mche umeota" au "tumeuotesha".