Munkoyo: kinywaji cha baridi cha nyumba

Ku bar za Lubumbashi watu wanaagiza gin na toniki wakati jua iko kali. Sisi huku Sakania tuko na munkoyo, sawa na majirani wetu wa Ndola, na mama anaitengeneza mwenyewe ku nyumba.

Chemsha maji litre 5, tia unga wa mahindi nusu kilo, pika mpaka uji uive vizuri. Toa sufuria ku moto. Hapa njo kuko siri: usitie mizizi mbio. Moto mingi unaua nguvu yake, uji unabakia mzito. Ngoja mpaka kidole kinavumilia kidogo, halafu tia kiganja cha mizizi ya munkoyo, yenye kuoshwa na kupondwa. Inageuza unga kuwa sukari, na uji unakuwa mwepesi kama maji. Asubuhi chuja.

Mizizi tununue kwa mama tunayemujua sokoni, juu mu pori kuko mingine ya sumu.

Siku ya kwanza ni tamu, hata watoto wanakunywa. Siku ya tatu imechachuka, iko na pombe. Baba wa kazi ya usiku ku mine tumupe ile ya kwanza. Ile ingine ingojee siku yake ya mapumziko.